Nikahi ya Mbali na Safari ya Mke

Upande wa kusini wa mji wa Bujumbura, karibu na ufuko wa Ziwa Tanganyika, uko mtaa wa Kinindo. Ni mtaa wa nyumba zenye nyua na miti ya kivuli, wala hauna sifa ya Uswahili wa tangu zamani kama mtaa wa Buyenzi. Lakini kwa jambo moja Kinindo, Buyenzi na Bwiza ni ndugu: zimo humo nyumba nyingi ambazo mtoto mmoja au wawili wa nyumba wako ng'ambo, ama Ubelgiji, ama Kanada, ama Marekani, ama Omani. Na kijana aliye ng'ambo, umri wake wa kuoa ukifika, mara nyingi mama yake huanza kumtafutia mchumba nyumbani.

Basi siku ya nikahi huwa hivi. Baada ya sala ya Alasiri mikeka hutandikwa, wazee huketi, kahawa na tende hupitishwa. Walii wa binti yupo, mashahidi wawili wapo, sheikh yupo, mahari yamewekwa mbele ya watu. Anayekosekana ni bwana arusi. Mahali pake ameketi ndugu yake au ami yake, naye ndiye atakayetamka kabuli kwa niaba yake. Khutba husomwa, ijabu na kabuli hutamkwa, Fatiha husomwa, na wanawake ndani hupiga vigelegele. Yote hayo huisha kabla ya Magharibi.

Lakini kufunga nikahi ni jambo moja, na mke kumfikia mumewe ni jambo jingine. La kwanza huchukua saa moja. La pili huchukua mwaka, au miaka, na pengine halitimii kabisa. Historia ya nikahi ya wakala inaonyesha jinsi mambo haya mawili, yaliyokuwa kitu kimoja hapo mwanzo, yalivyotengana, na nani aliyebaki katikati.

ASILI YAKE KATIKA HABASHA

Nikahi ya mtu asiyekuwapo si uzushi wa zama za simu. Mfano wake ulio mashuhuri watoka katika maisha ya Mtume Muhammad (s.a.w.), nao ulitokea miongoni mwa wakimbizi.

Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka, baadhi yao walivuka bahari wakakimbilia Habasha, kwa mfalme Najashi. Miongoni mwao alikuwamo Ramla binti Abu Sufyan, aliyejulikana kwa jina la Umm Habiba, pamoja na mumewe. Mume huyo akafa huko huko ugenini, na mwanamke akabaki mjane katika nchi ya watu, naye baba yake, Abu Sufyan, alikuwa mkubwa wa maadui wa Waislamu. Hakuwa na nyumba ya kurejea.

Khabari ilipofika Madina, Mtume alimtuma Amr bin Umayya kwa Najashi na ujumbe wa posa. Najashi akampelekea Umm Habiba kijakazi wake, jina lake Abraha, ampe bishara. Na kwa furaha Umm Habiba akavua bangili zake za fedha akampa. Kisha akamweka jamaa yake, Khalid bin Said, awe wakili wake. Majlisi ikakusanywa mbele ya Waislamu waliokuwako Habasha, na Najashi mwenyewe akalipa mahari kwa niaba ya Mtume: dinari 400 katika mapokezi mashuhuri, na katika mengine dirhamu 4,000. Watu wakala karamu ndipo wakatawanyika. Baadaye bibi arusi akasafirishwa chini ya ulinzi wa Shurahbil bin Hasana, akafika Madina mnamo mwaka wa 7 wa Hijra, yaani mwaka 628 wa Miladi.

Maulamaa wameitumia hadithi hii kuwa dalili ya uhalali wa wakala katika nikahi. Na katika madhehebu ya Imamu Shafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki, wakala una mlango wake wenye masharti yaliyopangwa. Lakini yafaa itazamwe pia namna mambo yalivyokwenda. Mwanamke alipewa khabari na akaridhika. Wakili alijulikana kwa jina. Mahari yalilipwa papo hapo, hayakuwa ahadi. Mashahidi walikuwa jamaa nzima. Na aliyefungisha nikahi ndiye aliyesimamia safari. Mfalme mmoja alishika yote mawili, akdi na njia, wala hapakuwa na ofisi ya pili ya kuuliza kama ndoa ile ni ndoa.

WAFALME NA ASKARI WA ULAYA

Ulaya nayo iliijua desturi hii. Tarehe 11 Machi 1810 mfalme Napoleon wa Ufaransa alimwoa Marie Louise, binti wa mfalme wa Austria, katika mji wa Vienna. Lakini Napoleon mwenyewe hakuwapo Vienna siku ile. Aliyesimama mahali pake alikuwa Karl, ami yake bibi arusi. Waholanzi waliokwenda kutawala na kufanya biashara katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia waliwaoa wanawake waliobaki Uholanzi kwa njia waliyoiita ndoa ya glavu, kwa kuwa glavu ya mume ilishika mahali pa mkono wake. Na katika Vita Kuu ya Kwanza, kwa sheria ya tarehe 4 Aprili 1915, Ufaransa iliwaruhusu askari walio vitani kuoa kwa mwakilishi.

Kwa hiyo si kweli kwamba nikahi ya wakala ni ada ya watu wa Mashariki isiyoeleweka na Wazungu. Waliielewa vizuri kila walipoihitaji. Kilichobadilika ni jambo jingine: ndoa ilifanywa kuwa mlango wa kuingilia nchi.

MLANGO UNAWEKWA KUFULI

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajapani wengi walikuwa wakifanya kazi Hawaii na California. Wazazi na washenga waliwatafutia wachumba kwa kubadilishana picha, ndoa ikaandikishwa Japani, na bibi arusi akasafiri kwa meli kwenda kumwona mumewe kwa mara ya kwanza bandarini. Wenyeji walipotaka kuwazuia Wajapani wasiongezeke, ndoa hizi zikawa shabaha. Mwaka 1920 serikali ya Japani ikaacha kuwapa pasipoti wanawake hao. Na sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1924 ikasema wazi kwamba neno mke na neno mume havimhusu aliyeolewa au aliyeoa kwa wakala au kwa picha.

Mwaka 1952 Marekani iliandika sheria mpya ya uhamiaji, nayo ikalegeza kidogo. Tangu hapo, ndoa ambayo wawili hawakuhudhuria pamoja haitambuliwi kwa ajili ya uhamiaji, ila ikiwa baada ya akdi mume na mke wamekutana kwa unyumba. Maana yake ni kwamba nikahi ya wakala haikatazwi. Lakini bado ni nusu, na nusu ya pili ni safari ya mume kumwendea mkewe.

Uingereza ilishika njia nyingine. Mwaka 1947 mahakama ya rufaa ilipelekewa shauri la mwanamke aliyekuwa Uingereza na kuolewa kwa wakala katika mji wa Buenos Aires, nchini Argentina. Majaji wakasema kwamba namna ya kufunga ndoa hufuata sheria ya mahali ilipofungwa. Na kwa kuwa Argentina iliruhusu wakala, ndoa ilikuwa sahihi. Lakini mlango ulioachwa wazi na majaji ulikuja kuwekwa kizingiti cha fedha: tangu mwaka 2012 mkaazi anayetaka kumleta mke alitakiwa awe na pato la pauni 18,600 kwa mwaka, na mwaka 2024 kiasi hicho kikapandishwa hadi pauni 29,000.

Ufaransa, iliyowaruhusu askari wake mwaka 1915, iliamua mwaka 1993 kwamba ndoa ya Mfaransa, hata ikifungwa nje ya nchi, yahitaji yeye mwenyewe awepo. Ubelgiji, kwa sheria ya tarehe 4 Mei 1999, iliandika kwamba si ndoa ile ambayo nia ya mmoja wao ni kupata haki ya ukaazi tu, si kuishi pamoja. Na Kanada, tarehe 11 Juni 2015, ilifunga kabisa: ndoa ya wakala, ya simu, ya faksi au ya intaneti haihesabiwi katika maombi ya kumleta mwenzi, isipokuwa kwa askari wa Kanada waliozuiwa na kazi ya jeshi. Serikali ilisema inataka kuwakinga wanawake na ndoa za kulazimishwa. Hofu hiyo haikuwa bure, kwa kuwa ni rahisi kumsemea mtu asiyekuwapo. Lakini kufuli hiyo hiyo imewafungia nje na wale walioridhiana kwa hiari yao.

KININDO NA KARATASI ZAKE

Kwa nini jambo hili liliingia sana katika nyumba za Burundi? Jawabu limo katika historia ya nchi. Mauaji ya mwaka 1972 yaliwatoa watu wengi wakakimbilia Tanzania, Zaire na Rwanda. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, vita vikadumu zaidi ya miaka 10. Na mwaka 2015 fitina ya kisiasa iliwaondoa tena watu, hata idadi ya wakimbizi wa Burundi katika nchi jirani ikapita 400,000. Kila wimbi liliwaacha wengine kambini na kuwapeleka wengine mbali zaidi. Kuanzia mwaka 2007 Marekani iliwapokea maelfu ya wakimbizi wa mwaka 1972 waliokuwa wamezeeka katika kambi za Tanzania. Wengine walifuata njia ya lugha ya Kifaransa, wakafika Ubelgiji na Kanada.

Mkimbizi aliyepewa hifadhi kwa kuihofia nchi yake hawezi kurudi huko kwa harusi bila ya kuihatarisha hifadhi yenyewe. Kwake yeye wakala si njia ya mkato. Mara nyingi ndiyo njia pekee ya kuoa nyumbani kwao, kama ilivyokuwa kwa watu wa Habasha.

Lakini Kinindo ina sheria ya Burundi nayo. Kanuni ya Watu na Jamaa, iliyotolewa mwaka 1980 na kurekebishwa tarehe 28 Aprili 1993, inatambua ndoa moja tu: ile iliyofungwa mbele ya ofisa wa etasivili. Mwanamume awe ametimiza miaka 21, na mwanamke miaka 18. Na wake wawili hawaruhusiwi. Nikahi ya msikitini au ya nyumbani, hata ikikamilika nguzo zote, mbele ya serikali si ndoa. Mwaka 2017 serikali iliwaamuru wote wanaoishi pamoja bila ya ndoa ya serikali waandikishe ndoa zao kabla ya tarehe 31 Desemba mwaka ule, na wenye nikahi peke yake waliingia katika hesabu hiyo. Ng'ambo ya mpaka, katika Kongo, sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilikubali mtu awakilishwe na mwingine katika ndoa. Basi Uvira na Bujumbura zatazamana juu ya maji ya ziwa moja, na hukumu zao si moja.

Yapo na mengine madogo ambayo ubalozini huwa makubwa. Mpaka mwaka 2014 Kinindo ilikuwa mojawapo ya komine 13 za mji. Mwaka ule ikaunganishwa na Musaga na Kanyosha kuwa komine ya Muha. Hati za zamani zina muhuri wa Kinindo, na za baadaye zina muhuri wa Muha, ingawa nyumba haikuhama hata hatua moja. Tena Warundi hawana desturi ya jina la ukoo. Baba ana jina lake, mama lake, na kila mtoto lake. Mwislamu huongeza jina la Kiislamu na pengine jina la babaye, na huenda likaandikwa Hussein katika hati moja na Husseni katika nyingine. Mtu wa Kinindo haoni ajabu yoyote. Karani wa Brussels huona watu wawili.

Ubelgiji, ambako Warundi wengi wana jamaa, ilikaza masharti kwa sheria ya tarehe 8 Julai 2011: kwa kawaida mume na mke wote wawe wametimiza miaka 21, mwenyeji awe na pato la kutosha, nyumba ya kutosha na bima ya maradhi. Mkimbizi aliyekuwa ameoa kabla ya kuingia nchini alipewa muda wa mwaka mmoja wa kuomba bila ya sharti la pato na nyumba. Aliyeoa baada ya kufika hakupata nafuu hiyo. Mwaka 2025 masharti yakakazwa tena. Marekani nayo ina mpaka wa namna hiyo: mkimbizi ana miaka miwili ya kumwombea mke afuate, lakini mke huyo awe aliolewa kabla mume hajaingia nchini. Hivyo tarehe ya nikahi, ambayo wazee huichagua kwa kutazama mwezi na nafasi ya jamaa, yaweza kuamua mwendo wa maisha ya watu wawili.

Pamoja na hayo, sheria haikuziba kila tundu. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa tarehe 22 Septemba 2003 juu ya kuunganisha jamaa unasema kwamba mkimbizi asiyeweza kuleta hati rasmi atazamwe kwa ushahidi mwingine, wala asikataliwe kwa kukosa hati peke yake. Na tarehe 18 Aprili 2023 mahakama ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la jamaa ya Kisiria dhidi ya Ubelgiji, iliamua kwamba mtu asilazimishwe kufika ubalozini mwenyewe siku ya kupeleka ombi ikiwa kufika huko hakuwezekani au ni kugumu kupita kiasi. Kumbe hata mahakimu wa Ulaya wamekiri kwamba kuna watu ambao kutokuwapo kwao si hila.

NIKAHI YA SIMU NA NIKAHI YA WAKALA

Simu za picha zilipoenea, watu wengine walidhani kwamba wakala hauhitajiwi tena: bwana arusi ataonekana katika kioo cha simu, atatamka mwenyewe, na mambo yamekwisha. Hapa yapasa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa.

Mwezi wa Machi 1990, katika kikao chake cha sita mjini Jeddah, Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa lilitazama akdi zinazofungwa kwa vyombo vya kupelekea khabari. Liliruhusu biashara nyingi zifungwe kwa njia hizo, lakini likaitoa nikahi katika hukumu hiyo, kwa sababu nikahi ina sharti la mashahidi. Shahidi yampasa amsikie anayetamka na amjue. Wako maulamaa wa baadaye waliolegeza, sauti na sura zikithibitika. Lakini wenye kushika ihtiyati wamebaki na njia ya kale.

Na njia ya kale haikatazi simu; yaiweka mahali pake. Simu au barua humfikishia wakili idhini ya bwana arusi. Akdi yenyewe hufungwa katika chumba kimoja, baina ya walii na wakili, mashahidi wakisikia kwa masikio yao. Lafudhi yake ina adabu ambayo haifai kusahauliwa. Walii hamwambii wakili, "Nimekuozesha." Husema, "Nimemwozesha binti yangu fulani kwa fulani bin fulani, aliyekuwakilisha." Na wakili hajibu, "Nimekubali" na kunyamaza, hujibu, "Nimeikubali nikahi yake kwa ajili ya fulani bin fulani." Jina la asiyekuwapo likiachwa, akdi huingia shaka. Na idhini ile ikiandikwa, ikatiwa saini na tarehe, huwa hoja kwa sheikh leo na hoja kwa karani kesho.

Serikali nazo zina simu zao. Tangu mwaka 2020 wilaya ya Utah, katika jimbo la Marekani lenye jina hilo hilo, imewafungisha ndoa kwa intaneti watu walio katika nchi mbalimbali na kuwapa hati za serikali. Lakini hata hati hiyo, wawili wakiwa hawakuwa pamoja, hurudi chini ya sheria ya mwaka 1952: idara ya uhamiaji huuliza kama walikutana baadaye. Hati ya ndoa haimwondolei mtu safari.

MWENYE KUNGOJA

Katika mambo yote haya yuko mmoja anayebeba mzigo kuliko wengine. Mume aliye ng'ambo ana kazi yake na njia zake. Walii ametimiza wajibu wake. Binti ndiye anayengoja. Mbele ya dini ni mke wa mtu. Haposwi, wala haruhusiwi kuolewa na mwingine. Mbele ya ofisa wa etasivili ni mwali bado. Mbele ya ubalozi ni mwombaji mwenye namba. Watu wa nyumbani humwita mke wa fulani, na huyo fulani huenda hajapata kumshika mkono.

Mume akiwa mwema, kungoja ni subira yenye mwisho. Lakini ikiwa amenyamaza, hapeleki nafaka na hajibu simu, binti huyo aende wapi? Kenya na Zanzibar zina mahakama za kadhi zenye nguvu ya serikali. Burundi haina. Na mahakama ya nchi haiwezi kuvunja ndoa ambayo haiioni. Hubaki akiwategemea masheikh na wazee wamshike mume kwa maneno, akubali talaka au khului. Na ikiwa mume ana mke mwingine huko aliko, mlango umefungwa tangu mwanzo, kwa kuwa nchi za Umoja wa Ulaya hazimpokei mke wa pili ilhali wa kwanza yupo nyumbani kwa mume. Neno hilo binti alistahili kuambiwa kabla ya mahari kupokewa, si baada.

Waislamu wa Indonesia, ambao ni Mashafii kama walivyo wengi wa Bujumbura, walilitafutia dawa zamani. Baada ya akdi, mume husoma ahadi ya talaka iliyofungamanishwa na sharti: kwamba akimwacha mkewe miaka miwili mfululizo, au asipompa nafaka muda wa miezi mitatu, mke ana haki ya kupeleka mashtaka na kupata talaka. Fiqhi ya Shafii inaikubali talaka yenye sharti, na yenye kuandikwa ina nguvu zaidi ya yenye kusemwa. Ndoa ya mbali ndiyo inayohitaji sharti hilo kuliko ndoa ya jirani.

Habari ya Omani nayo ina mafunzo yake. Baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970, jamaa nyingi zenye asili ya Omani zilizokuwa zimekaa Afrika ya Mashariki, na miongoni mwao watu wa Burundi, Rwanda na Kongo, zilirejea huko na Kiswahili chao. Wengi waliacha ndugu nyuma na wakataka kuoa kwao. Lakini kwa amri ya mwaka 1993 Mwomani aliyetaka kuoa mgeni alihitaji kibali cha serikali kwanza, na wengi walioa bila kibali wakabaki na ndoa zisizoandikwa. Miaka 30 baadaye, kwa amri ya Sultani namba 23 ya mwaka 2023, sharti la kibali likaondolewa. Kilichokuwa halali ya Mungu na haramu ya ofisi kikawa halali ya wote wawili. Basi kanuni za watu hubadilika. Lakini umri wa anayengoja hausimami.

MAFUNZO YA HISTORIA HII

Mambo manne yameonekana katika khabari hizi. Kwanza, wakala ni sunna yenye heshima, nayo haikuzaliwa katika udanganyifu bali katika shida ya uhamisho. Pili, nikahi peke yake haimvushi mtu mpaka: ndoa ya serikali mbele ya ofisa, na kukutana kwa mume na mke baada ya akdi, hata kama ni Kigoma au Dar es Salaam au Nairobi kwa yule asiyeweza kurudi Bujumbura, ndivyo vinavyoipa nikahi miguu ya kutembelea. Tatu, karatasi ni amana: majina yaandikwe sawasawa katika hati zote, na wakala, mahari, picha, tiketi na barua vihifadhiwe tangu siku ya kwanza, wala visikusanywe siku ya kuitwa ubalozini. Nne, binti aelezwe yote kabla hajatoa idhini: nchi gani, sheria gani, muda gani, na kama mume ana mke mwingine. Ridhaa ya asiyejua si ridhaa kamili.

Najashi alilipa mahari, akalisha watu, kisha akatayarisha safari. Hakusema kwamba kazi yake ilikwisha ilipotamkwa kabuli. Wazee wa Kinindo hawana ufalme wala merikebu, na ufunguo wa mpaka hauko mikononi mwao. Lakini wanaokaa juu ya mkeka siku ile, walii na wakili na mashahidi, wana uwezo wa kuuliza maswali ambayo ofisi zitayauliza baadaye, na kumsimamia binti mpaka siku atakapofika au siku atakapofunguliwa. Ushahidi wa nikahi hauishi kahawa inapokwisha.

Mwenyezi Mungu awakutanishe waliotengwa na bahari na mipaka, awape wenye kungoja faraja iliyo karibu, na azijaalie nyumba zao kheri na masikilizano. Wabillahi taufiki.